Namba Hamsini na Mbili

Karatasi yangu yasema hamsini na mbili.
Kibao chekundu juu ya kaunta chasema thelathini na tano,
na kimesema hivyo tangu adhana ya adhuhuri.
Duka la dawa, Mwembe Tayari:
mlango wa kioo, viti tisa, feni moja
inayogeukia huku, ikageukia kule,
kama mtu aliyedaiwa mbele za watu.

Nimekuja na cheti cha mama.
Nimekuja na hasira pia. Ilitoka Kisauni ikiwa ndogo,
ilipovuka daraja la Nyali ikanenepa.

Vigae nimekwisha vihesabu: kumi na tisa kwa kumi na kimoja,
kimoja kimevunjika pembe.
Nimesoma mafuta ya watoto, nimesoma dawa ya minyoo,
nimesoma tarehe ya mwisho ya kila chupa niliyoifikia.
Kijana wa arubaini na nne amelala mdomo wazi.
Bi Nusura (jina kalitaja mwenyewe, mara tatu, kwenye simu)
anamfundisha mtu kupika mchuzi wa papa,
"usitie nazi mapema, utaniharibia,"
na sisi sote, wagonjwa na tuliotumwa na wagonjwa,
tunameza mate.

Foleni ina masikio, haina mdomo.
Mwanamume wa shati la kaki kainama mpaka kioo kikapata ukungu,
akanong'ona jina la dawa.
Umazi, nyuma ya kaunta, hakusikia.
Akanong'ona tena.
Tukatazama dari kwa pamoja, watu ishirini,
dari isiyokuwa na kitu.

Kisha Mzee Lali.
Mzee Lali kasimama pale dakika kumi na saba. Nimezipima.
Umazi anamchorea jua kwenye bahasha moja,
mwezi kwenye ya pili,
na mzee anauliza: je, siku ya mawingu?
Umazi anacheka, anakata, anachora upya,
anaongeza sahani ya wali.
Vidonge vinapita vitano vitano.
Nikasonya.
Msonyo mrefu, wa hapa hapa mjini,
wa kuanzia jinoni hadi mfupa wa shingo.
Aliye mbele yangu akausindikiza na wake.

Stima ikapotea. Ikarudi.
Mtandao wa bima haukurudi nayo.
Thelathini na tisa. Arubaini.
Arubaini na moja kaitwa mara tatu, hayupo,
kiti chake kimebaki na gazeti.

Hamsini na mbili.

Nikasimama, magoti yamekufa ganzi.
Umazi akasoma cheti, akakisoma tena,
akaniuliza mama anatumia nini kingine.
Ile ya moyo, nikasema. Nyeupe, ndogo, ya asubuhi.
Akanyamaza.
Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.
"Hii na ile hazikai nyumba moja."
Akampigia daktari. Daktari hakupokea.
Akapiga tena, na hapo nikaona kisigino chake
kimetoka kiatuni, kimevimba,
kimekilalia kiatu kama mto.

Mgongoni mwangu kimya kikaanza kusogea.
Mtu akakohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.
Mtu akasema, "Huyu naye kafungua kesi?"
Kisha nikausikia, mrefu,
toka jinoni hadi mfupa wa shingo,
nikautambua kama mtu anavyotambua ndala zake
mlangoni pa msikiti.

Sikugeuka.
Daktari akapokea mara ya nne. Mstari wa tatu ukafutwa,
mwingine ukaandikwa.
Nami nikasema, polepole, nisije nikakosea:
"Nichoree na mimi.
Mama hajui kusoma. Jua analijua."

Nje, kivuli cha nguzo kilikuwa kimehamia ng'ambo ya barabara.
Mama kapiga: uko wapi wewe, mpaka saa hizi?
Nikamwambia naja.
Bahasha ya pili nilikuwa nimeishika mkononi, sijaitia mfukoni.
Mwezi wake ulikuwa na macho mawili na mdomo,
na hilo sikuwa nimeliomba.